Mjadala: Makongamano ya vyuo Tabora yazungumzie utumwa wa bibi zetu, au tuyaache yalale?

Wakubwa shikamooni, wenzangu mwangaluka.

Naleta hoja, tuijadili kwa heshima. Vyuo vya hapa mjini vina makongamano yao ya kila mwaka: Machi 8 Siku ya Wanawake, kisha siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia kuanzia Novemba 25, na katikati hapo hutokea siku ya historia na utamaduni. Kwenye jinsia tunapewa sheria na takwimu. Kwenye historia tunapewa mtemi Mirambo, mtemi Isike aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 asishikwe na Wajerumani, Nyerere alivyosoma Tabora Boys, na mkutano wa TANU wa Januari 1958 na ule uamuzi wa busara wa kuingia uchaguzi wa kura tatu. Baadaye basi linawapeleka wageni Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Wanapiga picha, wanarudi kula.

Yote hayo ni kweli, na ni yetu. Ila kuna mahali mada hizi mbili zinakutana, na hapo kila mtu ananyamaza. Kongamano la mwisho nililohudhuria, binti wa mwaka wa kwanza alisimama akauliza: "Mbona kwetu tunajua ukoo wa babu, wa bibi hakuna anayeutaja?" Mshereheshaji akasema swali zuri, muda umetuishia.

Wengi humu tunajua jibu. Bibi yule huenda alinunuliwa.

Tumezoea kusimulia utumwa kama kitu kilichopita njia tu: msafara umetoka Ujiji, umepumzika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, umeshuka Bagamoyo. Lakini walioletwa Unyanyembe, utemi wa hapa Tabora, wakabaki hapahapa ni wengi. Wanaume wa Kinyamwezi walikuwa wapagazi, miezi mingi wako safarini na pembe za ndovu mabegani. Nani alilima? Faida ya pembe ilinunua watu, na waliotakiwa zaidi walikuwa wanawake, wa kulima, kutwanga, kuteka maji na kuzaa. Waliowanunua hawakuwa Waarabu peke yao. Watemi wetu walikuwa nao, na matajiri wetu pia.

Sasa angalieni jinsia inapoingia. Kwa mila yetu, mahari ndiyo huamua mtoto ni wa nani. Isipotolewa, watoto ni wa ujombani. Mke wa kununuliwa hakuwa na wajomba wa kudai chochote, wala kwao pa kukimbilia akipigwa. Kila aliyemzaa alikuwa wa mwenye mji. Huyo alitafutwa kwa sababu hana wa kumsemea.

Na si habari za kale mno. Wajerumani waliamuru watakaozaliwa baada ya 1905 wawe huru, Waingereza wakaufuta utumwa Tanganyika kwa sheria ya 1922. Aliyezaliwa mtumwa mwaka 1900 alikuwa na miaka 61 tulipopata uhuru. Kuna watu humu wamebebwa mgongoni na bibi hao.

Utafiti wa afya wa 2010 ulikuta Tabora asilimia 58 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akikubali, na Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2019 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sisemi ndoa ya utotoni na utumwa ni kitu kimoja. Nasema huwezi kumfundisha mwanafunzi wa hapa nani anamsemea binti, halafu ukaruka sura nzima ya wanawake ambao hawakuwa na wa kuwasemea. Karibuni.

Mzee wa Kanyenye:
Marahaba, mwanangu. Hayo nimeyasikia kwa mama yangu mzazi, hunifundishi. Lakini wewe hukai kwenye vikao vya posa, mimi nakaa. Tumeshakaa barazani, mahari imekubaliwa, kahawa inanywewa, mtu akamnong'oneza mwenzake: "Hawa walinunuliwa na fulani." Posa ikafa palepale. Kwenye mirathi ni vilevile, mtu anaambiwa hili shamba si lako, wewe si damu. Ninyi mtafunga kongamano mtagawana posho na maji ya chupa. Sisi tutabaki na kesi. Wazee hawakunyamaza kwa ujinga, walitaka mtoto wa mtumwa na mtoto wa mwungwana wale sahani moja. Na wamekula sahani moja. Usiwavurugie.

Mchangiaji, Ujiji:
Huku kwetu mgeni anaonyeshwa sanamu za Livingstone na Stanley, anatajiwa 1871, anaondoka. Sisi Wamanyema babu zetu wengine walivuka ziwa na biashara zao, wengine wamefungwa. Mtoto akiuliza anajibiwa "sisi asili yetu Kongo", basi. Naunga mkono hoja, ila ifanyike kwa Kiswahili. Slaidi za Kiingereza bibi yangu atazisoma wapi?

Mleta hoja:
Mzee wangu, hiyo posa uliyoisimulia ndiyo inayonisukuma. Kama kunyamaza kungekuwa kumefuta jambo, yule mnong'onaji angelipata wapi? Aliyefichwa ni binti mwenyewe. Waliotaka kumdhalilisha walijua tangu zamani, wakaiweka siri kama kisu, wakaitoa siku ya posa na siku ya mirathi. Mtu akijua mapema kwamba bibi yake alitekwa, hakuiba wala hakuua, aibu inahamia kwa aliyenunua, na mnong'ono unakosa nguvu.

Ila kuhusu kesi za mashamba uko sahihi, na chuo kikilivamia jambo hili kwa haraka kitaleta balaa. Kwa hiyo napendekeza: jina la ukoo lisitajwe jukwaani hata mara moja. Bibi anayetaka kusimulia afuatwe kwake na mwanafunzi wa kike, akikataa kurekodiwa basi, na akirekodiwa, nakala ya kwanza iwe yake. Kwihara wageni waambiwe kwamba tembe lile lilikuwa la mfanyabiashara wa Kiarabu, kisha waelezwe nyumba za namna ile ziliendeshwa na mikono ya nani: nani aliteka maji, nani alitwanga unga wa msafara.

Na kikao cha kwanza kisiwe ukumbini chuoni. Kiwe kwenye kata, wazee mkiwa mmeombwa ruhusa, na akina mama wakiwa na kikao chao peke yao. Kwa upande wa Kanyenye, mzee, tuanze kubisha hodi kwa nani?