Naomba ushauri: kuwatafsiria wazee mihadhara ya historia

Habari zenu ndugu, shikamooni wakubwa. Naishi Minnesota, Marekani. Huwa nawapeleka wazee wa kanisani kwetu, wengi Wakongomani, kusikiliza wanahistoria wakieleza habari za Fort Snelling, ngome ya zamani ya jeshi, pale mito ya Mississippi na Minnesota inapokutana. Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wanapaita Bdote. Dred na Harriet Scott, mume na mke Weusi ambao baadaye walidai uhuru wao mahakamani, waliishi hapo kama watumwa miaka ya 1830, ingawa sheria ilikataza utumwa eneo lile. Na chini ya ngome hiyo, baridi ya 1862 hadi 1863, Wadakota wapatao 1,600, wengi wanawake, watoto na wazee, walifungiwa kambini.

Mara ya mwisho nilitafsiri kwa kunong'ona. Nilipotamka "kambi", mama mmoja aliyekaa miaka mingi Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, akanishika mkono: "Kama yetu?" Nikakwama, mzungumzaji akaniacha mbali. Nimejaribu pia kuwapa muhtasari wa maandishi, lakini baadhi hawasomi.

Naomba mnisaidie: neno gani litamweleza mama yule kwamba wale hawakukimbilia pale, walipelekwa kwa nguvu? Na je, niwasimulie wazee siku moja kabla, au nimwombe mwanahistoria awe anatua ili nitafsiri?

Asanteni sana.