Naomba ushauri: vyakula vya mwituni vya kuuza Malindi

MkaaGede: Hamjambo ndugu zangu. Mvua za masika zimeshika, nami nachuma mchunga na mnavu kwa ajili ya mteja mwenye mkahawa mjini Malindi, ambaye anataka vyakula vya mwituni kila Ijumaa. Nishaurini namna ya kuvihifadhi visinyauke njiani, maana usingizi sipati.

BintiMambrui: Mchunga usiuoshe kabla ya safari, ufunge katika jani la mgomba. Jikoni uchemshwe, maji ya kwanza yamwagwe, ndipo utiwe tui. Marehemu nyanya yangu aliuchanganya na mnavu ili uchungu upungue, nasi wajukuu tuligombania sufuria.

MzeeWaShamba: Mwanangu, unachuma wapi?

MkaaGede: Msituni, Arabuko-Sokoke.

MpendaMimea: Kisa hiki nakitilia shaka. Mchunga ni gugu la shambani na kando ya njia, na hupenda jua. Hakuna anayeingia msituni kuutafuta. Ama umetunga, ama kuna jambo unatuficha.

MkaaGede: Sikutunga. Anachotaka hasa ni viazi mwitu, na arbuni yake nimekwisha kuinunulia unga. Nachimba vichache tu, na mashimo nayafukia. Wazee wetu walivila wakati wa njaa.

MpendaMimea: Basi eleza jani lake.

MkaaGede: Majani matatu katika kikonyo kimoja, na shina lina miiba. Shimo hunifika magotini.

MpendaMimea: Sasa nimekuamini, na hofu imenizidi. Kiazi hicho kina sumu. Wazee unaowataja walikikata vipande vyembamba, wakakiloweka kwa siku kadhaa huku wakibadilisha maji. Je, mpishi analijua hilo?

BintiMambrui: Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa ili ipelekwe nchi ya Georgia, nasi sote tulilalamika. Walioing'oa nao walikuwa na mnunuzi.

MzeeWaShamba: Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa mazao katika msitu wa umma bila kibali. Tena mchunga ukikatwa majani huchipua, lakini kiazi kikitoka chote, mmea umekwisha. Mpigie mteja leo, umwombe arbuni ihesabiwe kwa mchunga, mnavu na mabuyu ya shambani kwenu.

MkaaGede: Nitampigia kuhusu sumu. Ila vya Ijumaa hii, Mzee, vimo kapuni tayari.

MzeeWaShamba: Usivipeleke. Kata vichwa vyake uvipande nyuma ya nyumba yako kabla mvua haijakatika.