Msaada: nimemwambia mgeni ana nguvu, yeye akaelewa hatafika kileleni. Hii "too... to" ikoje?

mgumu_wa_rau

Habari za jioni wakuu. Mimi niko Moshi, mwaka wa nne huu nabeba mizigo mlima Kilimanjaro, na sasa nasoma ili nipate leseni ya kuongoza wageni, ila Kiingereza changu ni cha kuokoteza njiani, sio kibaya lakini kina mashimo.

Safari iliyopita tulikuwa Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Uhuru, pale mita 4,720, saa tano usiku watu wanajiandaa kuanza kupanda. Kuna mama mmoja mgeni wetu, mtu mzima, amekaa kitandani anafunga kamba za buti na mikono inamtetemeka, tochi ya kichwani inamulika magoti yake tu. Nikataka kumtia moyo nikamwambia "Mama, you are too strong to reach Uhuru". Nilimaanisha una nguvu sana, utafika. Asee, yule mama aliacha kamba hivyo hivyo akaniangalia, akauliza taratibu, "So I will not reach?" Kiongozi wetu ndo akaingia kati akamweleza. Alifika, namshukuru Mungu, ila ile sura yake mpaka leo inanijia, maana nilitaka kumpa moyo nikamvunja, tena dakika ile ile anayohitaji mtu wa kumshika mkono.

Sasa naomba mnieleweshe. "Too" mimi najua ni "sana". Hiyo "hutafika" imetokea wapi wakati sijatamka "not" popote? Na hizi "enough to", "so as to", "in order to", zote zina "to", natumia ipi wapi?

ticha_ngaramtoni

Pole mdogo wangu. Hilo kosa nalisahihisha kila wiki kwenye madaftari ya wanangu hapa Arusha, na chanzo chake ni sisi walimu tuliosema "too" ni sana tukaishia hapo. Sana ni "very". "Too" ni mno, yaani kitu kimepita kiasi, kimevuka mpaka. Sasa kikishavuka mpaka halafu ukaleta "to" na kitenzi, Mwingereza anasikia kile kitenzi hakiwezekani tena, hahitaji "not" kwa sababu kukataa kumeshakaa ndani ya "too" yenyewe. Kwa hiyo yule mama alisikia nguvu zako zimezidi mpaka kufika hakuwezekani. Ulichokitaka ni "You are strong enough to reach Uhuru", una nguvu za kutosha kufika. "Too" inafunga mlango, "enough" inaufungua.

Halafu kuna kosa la pili ambalo hujaliuliza ila nina uhakika unalifanya, maana linatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Watu wanaandika "The tea is too hot to drink it". Hiyo "it" ya mwisho ni makosa, inatakiwa "The tea is too hot to drink", basi. Sisi tunaiweka kwa sababu kichwani tunasema chai ni ya moto mno siwezi kuinywa, na ile "i" ya kuinywa tunataka kuilipia kwa "it".

Dawa yake ninayowapa wanafunzi ni hii. Jaribu kusema sentensi yako kwa kile kitenzi cha -ika au -eka. Chai ni ya moto mno, hainyweki. Mzigo mzito mno, haubebeki. Njia mbaya mno, haipitiki. Umeona, hainyweki haina "i" ya kuinywa ndani yake, chai yenyewe ndo imesimama mbele. Ikikubali hivyo, usiweke "it": "This bag is too heavy to carry". Lakini kama anayesimama mbele ni mtu ndo anashindwa, nimechoka mno siwezi kuubeba, hapo "it" inabaki: "I am too tired to carry it". Ukitaka kumtaja mtu kwenye ile ya kwanza unamleta na "for", "too heavy for me to carry", na bado hakuna "it". Ila ukibadilisha kuwa "so... that" lazima irudi, "so heavy that I can't carry it", kwa sababu baada ya "that" ni sentensi nzima inayojitegemea. Kwenye mtihani wakisema andika upya kwa kutumia moja badala ya nyingine, hapo ndo maksi za watoto zinapopotelea.

Kingine ni nafasi ya "enough". Kwenye sifa inakaa nyuma kama kutosha yetu, "strong enough", "slowly enough". Kwenye nomino inakaa mbele, "enough water", wakati sisi tunasema maji ya kutosha. Usiseme kamwe "enough strong".

dada_wa_sakina

Mwalimu shikamoo, nakubaliana na wewe ila kuna kitu kinanichanganya. Mimi nipo mapokezi hotelini huku Arusha, kuna mgeni nilimuomba anisaidie kumtafsiria mwenzake akajibu "I'd be only too happy to help". Kwa hiyo furaha imezidi mpaka hawezi kunisaidia? Mbona alisaidia tena kwa moyo mmoja?

ticha_ngaramtoni

Marahaba dada, umeuliza la maana sana. Hapo ni ile "only" iliyotangulia. "Only too happy", "only too glad", "only too willing" hizo zinarudi kwenye maana ya sana, yuko radhi kabisa, na ile kukataa inaondoka. Wakati mwingine hata "only" wanaiacha, "too happy to help", na maneno yanayokubali hivyo ni machache, ya furaha na kuwa radhi, kwa hiyo yashike kama yalivyo usiyapeleke kwenye "strong" wala "heavy".

Na ukiweka "not" mbele ya "too" mlango unafunguka tena. "It is not too late to turn back" maana yake bado unaweza kugeuza. Kataa mara mbili imekuwa kubali.

Nyongeza kidogo kwa wanaopenda historia: hizi "to" na "too" zamani lilikuwa neno moja. Hiyo ya o mbili ni "to" iliyotamkwa kwa mkazo, na kuandikwa hivyo kulianza kushika kwenye karne ya 16. Ndo maana mpaka leo wenyewe Waingereza wanazichanganya kwenye kuandika.

babu_marangu

Nimeongoza wageni miaka mingi, nimestaafu niko kihambani na migomba yangu, naomba niongeze la "so as to" kwa sababu huyu kijana litamfaa kazini kuliko hata mtihani.

Kusema dhumuni, "to" peke yake inatosha, "We stop here to drink water". "In order to" na "so as to" ni ile ile ila nzito zaidi, za kwenye maandishi au pale unapotaka sababu isikike. Sasa kukataa ndo pana shida, kwa Kiswahili tunasema tembea polepole ili usichoke, watu wanatafsiri "walk slowly to not tired". Mgeni atakuelewa lakini sio Kiingereza. Sema "Walk slowly so as not to get tired", au "in order not to". "Not" inaingia katikati, kabla ya "to". Pia msiseme "for" pale, nimesikia vijana wengi getini "we stop for to rest".

Na mwangalie, "so as to" zikishikana ni dhumuni, zikiachanishwa na sifa katikati inakuwa kiasi. "Would you be so kind as to wait here?" hapo unaomba kwa heshima, uwe mwema kiasi cha kusubiri. Wageni wazee wanaipenda hiyo.

Mimi wageni wangu nilikuwa nawaambia "We walk slowly enough to talk". Ukiona huwezi kuongea huku unatembea, umekimbia. Sentensi moja hiyo imenisaidia kuwarudisha wengi kwenye mwendo kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Kuna nyingine ya kusikitisha, "only to". "He climbed for six hours only to turn back at Gilman's Point". Hiyo sio dhumuni, hakupanda ili ageuze, ni ile yetu ya kupanda kote kule akaja kugeuzia pale ukingoni mwa kreta, kabla ya kufika Uhuru. Ukiisikia jua kilichofuata hakikutegemewa.

mgumu_wa_rau

Babu shikamoo, mwalimu asante sana, dada na wewe asante kwa swali. Nimekaa nimeandika zangu, naomba mnikague:

"The wind is too strong to stand here."
"Your sleeping bag is small enough to carry it."
"Drink slowly so as not to vomit."
"You are too sick to continue, we go down now."

Hiyo ya mwisho ndo naiogopa kuliko zote, maana siku nitakapoitamka lazima mtu aelewe mara moja.

ticha_ngaramtoni

Ya kwanza mtaje anayesimama, "too strong for us to stand here", maana upepo hausimami. Ya pili ondoa "it", dawa ni ile ile, begi linabebeka, "small enough to carry". Ya tatu sawa kabisa.

Ya nne iko sahihi, usibadilishe hata neno. Pale mgeni akisikia "too" amekwishajua kwamba safari imeishia hapo, kwa hiyo itamke polepole ukiwa umeinama usawa wake, sio umesimama juu yake.

babu_marangu

Marahaba kijana. Na ukimaliza kuitamka, chukua begi lake wewe.