Mkataba wa Buganda wa 1900: nianzie kuusoma kifungu gani?

mwalimu_kidato5
Wakuu, salaam. Naandaa vipindi viwili juu ya mikataba ya himaya na nimechagua ule wa Buganda na Uingereza, uliotiwa saini tarehe 10 Machi 1900. Una vifungu 22 na wanafunzi watachoka kabla ya kufika cha kumi. Vitabu vyetu vinasema himaya ilitangazwa 1894, sasa huu wa 1900 ni wa nini tena? Na kama Uingereza ilikubali kumtambua Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, gavana alimfukuzaje Kabaka Mutesa II mwaka 1953? Naomba mnionyeshe vifungu vyenyewe vinavyobeba uzito.

nyaraka_za_ziwa
Mwalimu, kabla ya kifungu chochote, waonye wanafunzi juu ya jina. Mkataba unaposema "Ufalme wa Uganda" unamaanisha Buganda peke yake. Ni matamshi ya Kiswahili, yaliyodondosha ile "B" ya mwanzo, na Waingereza wakayachukua kutoka kwa wakalimani na wafanyabiashara wa pwani. Nchi nzima, pamoja na Toro, Ankole, Busoga na kwingineko, inaitwa "Himaya ya Uganda". Asiyelijua hili atadhani Kabaka aligawa ardhi ya nchi nzima.

Kuhusu miaka: Mei 1893 Gerald Portal, mjumbe wa Uingereza, alifunga na Kabaka Mwanga mkataba wa muda, London ikatangaza himaya tarehe 18 Juni 1894, na Agosti mwaka huohuo Colvile, mwakilishi wa Uingereza, akauthibitisha ule wa Portal kwa mkataba mwingine. Tamko la 1894 lilikuwa la kuwaambia mataifa mengine ya Ulaya wakae mbali. Nani atoze kodi, nani amiliki ardhi, nani aamue kesi, hayo hayakuwa yamepangwa. Kisha mwaka 1897 askari wa Kinubi waliasi, kuwazima kukagharimu fedha nyingi, na London ikamtuma Sir Harry Johnston kuhakikisha nchi inajilipia yenyewe. Ndiyo maana mkataba wa 1900 umejaa fedha: kila nyumba rupia 3 kwa mwaka, kila mwenye bunduki rupia 3, chifu wa saza (kaunti) paundi 200 kwa mwaka, waziri paundi 300.

Angalia pia waliotia saini. Mwanga alikuwa uhamishoni Shelisheli. Kabaka alikuwa mwanawe, Daudi Chwa, aliyezaliwa Agosti 1896, mtoto wa miaka mitatu. Waliokaa mezani na Johnston ni wasimamizi wake watatu: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Hao hao ndio waliopata ardhi kubwa kwa mkataba huo. Darasani kwangu ningeanzia hapo.

sheria_na_himaya
Naongezea upande wa sheria. Wape wanafunzi vifungu vinne: cha 5, cha 6, cha 20 na cha 22.

Cha 5 kinasema sheria za Himaya zitatumika Buganda pia, isipokuwa zinapogongana na mkataba. Hapo mkataba ndio unaoshika. Hii ndiyo ngao ya Buganda, na Lukiiko, baraza la Buganda, iliitumia kwa miaka hamsini na zaidi.

Cha 6 kinamtambua Kabaka, lakini soma kinavyoanza: maadamu Kabaka, machifu na watu wanafuata sheria na taratibu zilizowekwa na serikali ya Uingereza. Utambuzi umefungwa na sharti. Cha 20 kinataja yanayovunja mkataba: kushindwa kulipa kodi ya kiasi kilichowekwa bila sababu ya haki, au Kabaka, machifu na watu kufuata siasa ya kutoitii Uingereza waziwazi. Yakitokea hayo, Uingereza haifungwi tena. Hakuna kifungu cha upande wa pili, cha kusema Waingereza wakikosea itakuwaje. Mwambie mwanafunzi akitafute, aone mwenyewe kwamba hakipo.

Sasa 1953. Tarehe 30 Novemba Gavana Andrew Cohen alitangaza kwamba Uingereza haimtambui tena Mutesa II, akapakiwa kwenye ndege kwenda London siku hiyohiyo. Alitumia kifungu cha 6. Waganda wakaenda Mahakama Kuu, na Novemba 1954 mahakama ikasema kifungu cha 6 hakikuwa njia sahihi, ila cha 20 kingeweza kutumika. Pande zote mbili zikapata la kushika, na mazungumzo yakaendelea hadi Kabaka akarudi Oktoba 1955 chini ya mkataba mpya.

Cha 22 ni kifupi: maandishi ya Kiingereza ndiyo yanayofunga pande zote mbili. Wasimamizi walikuwa wakifikiri na kujadiliana kwa Luganda.

habesha_mpenzi_historia
Kwa hicho cha 22, linganisha na mkataba wa Wuchale, Mei 1889, kati ya Menelik II wa Ethiopia na Italia. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilimruhusu mfalme kutumia Italia katika mawasiliano na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilimlazimisha. Italia ikaitangazia Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya himaya yake. Menelik aliukana mkataba, na vita vikaishia Adwa tarehe 1 Machi 1896. Sisemi Johnston aliandika cha 22 kwa sababu ya Wuchale. Lakini ukiiweka mikataba hii pamoja, mwanafunzi ataona kwa nini sentensi moja kuhusu lugha ina uzito kuliko kurasa za mipaka.

mwalimu_kidato5
Asanteni sana. Kuhusu ardhi, mkataba unatoa maili za mraba 8,000 kwa machifu 1,000: kila mmoja alipata 8?

nyaraka_za_ziwa
Hapana, hapo wengi wanateleza. Kifungu cha 15 kinaanza na makisio kwamba Buganda ni maili za mraba 19,600, kabla nchi haijapimwa. Misitu 1,500, ardhi isiyolimwa 9,000, zote kwa serikali ya Uingereza. Zinabaki 9,100. Humo Kabaka 350, misheni 92, na wale 1,000 wamewekewa 8,000 kwa hesabu ya 8 kila mmoja. Lakini kugawa kuliachiwa Lukiiko, na waliopewa mwishowe walizidi 3,000. Wengine walipata eneo kubwa, wengine kipande tu. Neno "mailo", jina la umiliki huo wa ardhi, limetoka kwenye maili hizo, nalo bado liko katika sheria ya ardhi ya Uganda.

Usiruke sharti la upimaji. Nchi ikionekana ndogo kuliko 19,600, pungufu linakatwa kwenye fungu la serikali. Ikizidi, nusu ya ziada inakwenda serikalini, nusu inagawanywa kwa Kabaka, mawaziri na machifu wa saza. Mkulima aliyekuwa akiishi juu ya ardhi hiyo hatajwi upande wowote. Akaamka mpangaji wa mtu.

sheria_na_himaya
Na ukipata dakika kumi, chukua kesi ya Wamaasai ya 1913, Kenya. Mkataba wa 1904 uliwaahidi maeneo yao maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 ukaja mwingine wa kuwatoa Laikipia. Ole Njogo na wenzake wakashtaki. Mahakama ikajibu kwamba mkataba kati ya Wamaasai na Mfalme wa Uingereza ni tendo la dola kwa dola, mahakama ya ndani haina mamlaka nao. Yaani walihesabiwa taifa la nje siku ya kudai haki, ilhali walihamishwa kama raia. Buganda ilikuwa na nafuu kwa sababu ya kile kifungu cha 5, na kwa sababu Lukiiko ya watu 89 ilikuwa na mawakili, gazeti na fedha zake. Wamaasai walikuwa na karatasi tu.