Mtoto wa miaka 7 anakataa nguo ninazomshonea, na wiki tatu zijazo anatakiwa awe simba. Naombeni ushauri

MamaForonya
Habari zenu wakuu. Mimi huwa msomaji tu humu, leo nimebanwa nikaona niandike.

Nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka 7, wa kike ana 4. Bibi yangu aliniachia cherehani yake ya mkono, ile inayopiga mshono wa moja kwa moja tu, na tangu mwaka jana najifunza mwenyewe. Nilianza na foronya na mapazia, nikapata kiburi, nikaingia kwenye nguo za watoto. Hapo ndipo nilipokwama mara tatu.

La kwanza ni gauni la mdogo. Nilipima kifua, mabega na urefu, nikakata, nikashona hadi usiku. Kwenye henga lilikuwa zuri hata nikajishangaa. Asubuhi namvalisha, likagoma kichwani. Akabaki anapiga kelele ndani ya kitambaa, mikono juu. Baadaye nikapima: kichwa mzunguko sm 50, shingo ya gauni sm 44. Nifumue lote?

La pili ni shati la mkubwa. Alilivaa siku moja, akarudi kalifunga kiunoni. Tangu siku hiyo halitaki. Nikimuuliza anasema "silitaki tu." Nahisi wenzake walimcheka kwamba kashonewa na mama yake. Imeniuma kuliko la gauni.

La tatu, kuna igizo la shule na yeye ni simba. Nimeshamwambia mwalimu nitashona mwenyewe (huu mdomo wangu). Nina kitambaa cha njano kinachovutika, nataka kutoa suti ya kipande kimoja, kuanzia kichwani hadi miguuni. Nianzie wapi, na huyu mtoto nimfanyeje?

Kobe_Mzee
Peleka kwa fundi dada. Kila mtu na kazi yake.

BibiBitana
Kobe, mafundi wote walianza kwa kukwamisha gauni kichwani mwa mtu.

MamaForonya, usifumue kitu. Ulipima kila mahali ukasahau kichwa, na kwa mtoto kichwa ndicho kinachopita kwanza. Mtoto wa miaka 4 kichwa chake kimebakiza sentimita chache tu kufikia cha mtu mzima, mwili ndio bado. Ukikata shingo kwa kuangalia shingo yake, umepotea.

Fanya hivi. Mgongoni, katikati kabisa, chora kwa chaki mstari wa sm 9 kushuka kutoka shingoni. Kata kipande cha kitambaa hichohicho, upana sm 7 na urefu sm 13, upinde ukingo wake wa juu, kisha ukilaze juu ya gauni uso kwa uso. Pitisha mshono upande mmoja wa mstari: anza nusu sentimita pembeni yake na uusogelee kadiri unavyoshuka. Ukifika ncha, piga hatua moja ya kukatiza, halafu panda upande wa pili. Utaona umbo kama mkuki mwembamba. Sasa kata katikati ya mkuki kushuka mpaka ubakize nyuzi mbili za kitambaa kabla ya mshono wa ncha. Wengi wanaogopa hapo, wanaacha nusu sentimita nzima, wakigeuza ncha inakunjamana kama mdomo wa mtoto aliyenuna. Ingiza mkasi wenye ncha kali na ukate kwa utulivu. Geuza kipande ndani, piga pasi, juu weka kitanzi na kifungo kimoja.

Mpasuo wa sm 9 unakupa karibu sm 18 za ziada. 44 na 18 ni 62. Kichwa cha 50 kitapita, na masikio yake salama.

Kifungo kishone kwa uzi wa mara nne, kisha uzungushe uzi chini yake, kati ya kifungo na kitambaa, uwe kama mguu. Mtoto wa miaka 4 bado hutia vitu mdomoni.

BabaPacha
Mimi nataka kujua jambo moja. Huyo simba wa kipande kimoja ataenda msalani vipi?

Sicheki. Nilimshonea binti yangu nguo ya nyuki yenye zipu mgongoni. Dakika tano kabla ya kupanda jukwaani akasema "baba, mkojo." Zipu ikauma kitambaa. Nyuki alipanda jukwaani analia, na mimi nikiwa nyuma ya pazia nimeshika mkasi. Mtenganishie: suruali yake na blauzi yake. Kwa mbali hakuna atakayejua.

Halafu kitambaa cha kuvutika kwa cherehani ya mshono wa moja kwa moja, sikushauri. Kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki. Akichuchumaa tu, mshono wa makalio unakatika pa! Wenye mashine za zigizaga, yaani mshono unaokwenda kulia na kushoto, wanapunguza tatizo hilo kwa zigizaga nyembamba, na wanatumia sindano ya ncha ya mviringo, kwa sababu sindano ya kawaida inachoma nyuzi za kitambaa badala ya kupenya katikati yake, na ukishafua unaona vitundu vinatambaa.

Hana pajama ya njano au kahawia? Chukua hiyo iwe mwili wa simba. Wewe shona yale yanayomfanya awe simba: kofia yenye masikio, manyoya ya shingo na mkia. Kazi ya siku mbili badala ya wiki tatu.

MamaForonya
Bibi, nimefanya jana usiku, gauni limepita! Ncha imekunjamana kidogo, niliogopa kama ulivyosema.

BabaPacha, pajama ipo, rangi ya udongo. Nimefarijika na nimeona aibu kwa wakati mmoja, maana kitambaa nilishakikata mguu mmoja.

Zamani_Kiwandani
Niongeze upande wa usalama. Nilikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha nguo za watoto miaka kadhaa, mambo haya tulikuwa tunayaota usiku.

Kamba za kufunga kofia shingoni usiweke. Kiwango cha Ulaya EN 14682 hakiruhusu kabisa kamba kwenye kofia na shingo za nguo za watoto walio chini ya miaka 7, na Marekani walitoa mwongozo wao wa kamba za nguo za watoto mwaka 1996, baada ya watoto kunyongwa na kamba zilizonasa kwenye vitelezi vya kuchezea na milango ya mabasi. Wako ana 7 kamili, lakini shingo haijui hesabu hiyo. Weka velkro kipande cha sm 3 chini ya kidevu. Ikinaswa, inaachia.

Mkia vilevile, ushike kwa velkro. Mwenzake akiukanyaga ubaki na mwenzake. Na usifike chini, uishie nyuma ya goti.

Barakoa achana nayo, mtoto anaona mbele tu na jukwaa lina kingo. Mchore pua na masharubu usoni. Tena kama igizo lina mishumaa au moto wa aina yoyote, manyoya bandia yasikaribie hata kidogo, yanashika upesi na kuyeyukia kwenye ngozi.

Dada_Mshauri
Kuhusu shati, naona watu wameliruka. Miaka 7 ndipo mtoto anaanza kujilinganisha na wenzake. Mshirikishe: mpe achague kitambaa na vifungo, hata mfuko ukae wapi. Akiona mkono wake kwenye nguo ataitetea mwenyewe mbele ya wanaomcheka.

BibiBitana
Ushauri wa Dada ni mzuri, lakini nani kasema alichekwa? Mtoto hakusema. Mama ndiye aliyesema.

MamaForonya, hilo shati limemaliziwaje ndani? Ligeuze. Usilipime kwa vidole, vidole vya mama vimezoea masufuria na pasi. Lipitishe kwenye shingo yako mwenyewe, polepole, hasa pale kola inapokutana na shati. Kisha urudi utuambie.

MamaForonya
Jamani.

Nilitumia uzi wa nailoni kwa sababu nilidhani ndio imara. Na ncha zake nilizichoma kwa kiberiti, nimewaona mafundi wakifanya hivyo. Nimeligeuza shati leo, nikalipitisha shingoni kama Bibi alivyosema. Kila ncha niliyochoma imeganda kitone kigumu, kama punje ya mchanga. Nimevihesabu vitone 11. Vitatu vimejipanga kwenye kola, nyuma ya shingo kabisa. Juu yake kuna ukingo wa kitambaa nilioukata na kuuacha wazi, umekauka kwa pasi, unakwaruza kama brashi.

Nikamwita, nikamgusisha kidogo tu. Akaruka: "Hapo! Hapo ndipo panapochoma!" Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi. Akajibu, "Nilidhani nguo za kushona ndivyo zilivyo."

Hakuna aliyemcheka. Kumbe wenzake walimuuliza mfuko wenye zipu aliupata wapi.

Dada_Mshauri
Nimekaa kimya na saikolojia yangu 😂

MkasiButu
Pole sana, dawa yake ni rahisi. Vile vitone vikate vyote kwa mkasi mdogo, usivivute. Tafuta shuka kuukuu la pamba lililolainika kwa kufuliwa, ukate utepe wa hanamu, yaani mshazari, kona hadi kona, upana sm 3.5. Ukiukata sawa na uzi wa kitambaa hautajipinda kwenye shingo, utasimama kama karatasi. Urefu uwe wa shingo na sm 2 za kukunjia. Shona ukingo mmoja wa utepe juu ya mshono wa kola kwa ndani, uukunje ufunike uchafu wote, halafu malizia ukingo wa pili kwa mkono, hatua ndogondogo. Shingo inakuwa laini kuliko ya dukani.

Kuanzia leo tumia uzi wa poliesta au pamba. Mwisho wa mshono usichome, rudi nyuma hatua tatu nne kwa mashine, kata.

Na mishono ya ubavuni unaweza kuifungia ndani bila ovaloki, ile mashine ya kuzungushia uzi kwenye kingo zisichanuke. Weka kitambaa mgongo kwa mgongo, shona nusu sentimita kutoka ukingoni, punguza mabaki yawe milimita 3, geuza uso kwa uso, piga pasi, shona tena kwenye milimita 7. Ukingo mbichi unabaki umefungiwa ndani ya mshono. Ukumbuke tu kuongeza nafasi hiyo wakati wa kukata. Mimi nilisahau mara ya kwanza, shati la mwanangu likawa la mdoli wake.

BabaPacha
Turudi kwa simba, siku zinakwenda. Manyoya ya shingo usinunue kitu. Chukua fulana kuukuu mbili tatu, za kahawia, machungwa, nyeusi kidogo. Zikate vipande vya upana wa sm 2.5 kwa kupita upande hadi upande, siyo juu kwenda chini. Kila kimoja urefu sm 20. Sasa shika ncha mbili na uvute kwa nguvu: kinajiviringa chenyewe kinakuwa kama kamba ya mviringo, na hakichanuki. Hakuna kupinda hata kimoja. Vikunje katikati, uvishonee kwenye ukingo wa kofia safu mbili, safu ya nyuma ikae sm 2 nyuma ya ile ya mbele. Ukingo wa sm 60 unakula kama vipande 120. Ni kazi ya kuchosha, mpe simba mwenyewe avute.

Kobe_Mzee
Nimesoma uzi wote. Kwa hiyo mtu akiwa na suruali ya shule inayompanda mtoto kila muhula, nayo inashoneka nyumbani? Nauliza kwa niaba ya jirani.

BibiBitana
Mwambie "jirani" aache pindo la sm 6 chini. Mtoto wa shule ya msingi huongezeka kama sm 6 kwa mwaka, na anaongezeka urefu kuliko upana, kwa hiyo asinunue kubwa ya kumfanya aonekane kavaa hema. Pindo alishone kwa mkono ili kulifumua kuwe rahisi. Alama ya pindo la zamani haitatoka yote, apitishe utepe juu yake. Na kitambaa kipya cha pamba akifue na kukipiga pasi kabla ya kukata. Kikirudi asilimia 3 tu, kila mita imepoteza sm 3, na suruali inapanda hata kabla mtoto hajarefuka.

MamaForonya
Mrejesho. Igizo lilikuwa jana.

Vipande vilikuwa 114, alivuta yeye vyote, akawa anahesabu kwa sauti. Mkia ulikanyagwa onyesho la pili, ukaachia kama Zamani alivyosema. Mwenzake akausimamisha juu na watu wakapiga makofi wakidhani imepangwa. Aliwahi msalani mara mbili bila msaada wa mtu.

Shati lenye utepe wa hanamu alilivaa asubuhi hiyo kwenda shule, ndani ya sweta. Sikumwambia avae.

Sasa mdogo ameona, anataka mabawa ya kipepeo. Nimepata waya mgumu mahali. Niweke?

Zamani_Kiwandani
Usiweke.