ThinkPad T450: SSD ipi, na nihamisheje Windows?

upepo_wa_ziwa (Kisumu)
Wakuu, nina laptop ya T450 yenye RAM ya GB 8 na hadidiski ya GB 500, nimetumia GB 170. Kuwaka ni dakika nne, na diski inakaa kwenye 100% muda wote. Dukani wana SSD (diski zisizo na sehemu zinazozunguka) za GB 240, za aina mbili za muunganisho, NVMe na SATA, bei karibu sawa. Nichukue ipi? Sitaki kuweka Windows upya.

bisibisi_nakuru
SATA ya inchi 2.5, unene milimita 7. Ile NVMe iache kabisa: tundu la M.2 (la kadi nyembamba ndani ya mashine) la T450 ni la kadi fupi ya 2242, yaani milimita 22 kwa 42, na halisomi NVMe. SATA huishia takriban MB 550 kwa sekunde, lakini utakachokihisi hasa ni kwamba hakuna tena kichwa cha diski kinachohangaika kutafuta vipande vya faili.

Kwa kuwa hutaki kuweka Windows upya, itabidi unakili diski nzima, na hapo shida yako ni ukubwa. Clonezilla (programu ya kunakili diski) kwa kawaida hukataa diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, na hata GB 480 ni ndogo kuliko 500! Ukiipunguza C: (sehemu yenye Windows) peke yake haitoshi, kwa sababu sehemu ya urejeshaji (ya kurekebisha Windows ikiharibika) mara nyingi imekaa mwishoni kabisa mwa diski, lazima uisogeze kwa GParted, programu ya kupanga sehemu za diski. Kama mfuko unaruhusu, nunua ya GB 512 uepuke kazi hiyo yote.

mama_saketi
Naongezea: kwanza fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. "Current Pending Sector" (idadi ya sehemu zinazoshindwa kusomeka) ikiwa si sifuri, usinakili diski nzima. Okoa faili zako kwanza, kisha weka Windows upya hata kama hutaki, maana kunakili kutakwama kwenye sehemu mbovu na kuzidi kuichosha diski.

BitLocker (ufungaji wa diski kwa siri wa Windows) ikiwa imewashwa, izime na usubiri imalize kufungua.

Kabla ya kugusa skrubu, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows) kwa kubonyeza F1 inapowaka, kisha Config, Power, kisha "Disable Built-in Battery". T450 ina betri ya ndani; kutoa ile ya nje hakukati umeme.

upepo_wa_ziwa
Asanteni sana. Na stima ikipotea katikati ya kunakili?

bisibisi_nakuru
Diski ya zamani inasomwa tu, haiandikwi. Unaanza upya. Hakikisha tu hujakosea kuchagua chanzo na lengo: soma jina la modeli, usitegemee sda na sdb, majina ambayo Clonezilla huzipa diski.