Laptopu ifunikwe huku inafanya kazi, au ikae wazi?

Hoja iliyo mezani: ofisi ndogo isiyo na seva (kompyuta inayohudumia nyingine mtandaoni) ichukue laptopu ya zamani, iizuie kulala, iifunike na kuiacha mtandaoni usiku na mchana.

Fundi Waya: Naunga mkono. Kwenye Linux ni mstari mmoja tu. Fungua faili ya /etc/systemd/logind.conf kwa sudo (ruhusa ya msimamizi), tafuta HandleLidSwitch, ondoa alama ya # mbele yake, andika HandleLidSwitch=ignore, uwashe mashine upya. Kwenye Windows nenda Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", weka "Do nothing" upande wa Plugged in.

Chaji80: Hiyo ni nusu ya kazi. Windows ina saa yake ya kulala isiyohusiana na kifuniko. Bila amri ya powercfg /change standby-timeout-ac 0 mashine italala hata ikiwa wazi, na kifuniko kitalaumiwa bure. Anayetumia KDE (mojawapo ya sura za eneo-kazi za Linux) naye asihangaike na logind.conf: humo kifuniko kinasimamiwa na KDE yenyewe, kwenye mipangilio yake ya umeme.

Kivuli: Na Mac? Wengi wanaandika caffeinate (amri ya Mac ya kuzuia usingizi), wanafunika, asubuhi wanakuta kazi imesimama.

Fundi Waya: Kwa sababu caffeinate inazuia usingizi wa kutoguswa, si wa kufunikwa. Njia rasmi ya kutumia Mac iliyofunikwa inataka chaja, skrini ya nje, kibodi na kipanya. Bila skrini, tumia sudo pmset -a disablesleep 1. Kurudisha, weka 0.

Kivuli: Hiyo 0 ndiyo inayosahaulika! Mashine inatiwa begini ikiwa macho, inajipika humo mpaka betri iishe. Ndiyo maana napinga kuzima usingizi moja kwa moja. Kama ni kunakili faili usiku mmoja, tanguliza sudo systemd-inhibit --what=handle-lid-switch:sleep kabla ya amri ya rsync. Kunakili kukiisha, kizuizi kinaondoka chenyewe.

Fundi Waya: Kwa kazi ya usiku mmoja, sawa. Seva haina "kuisha".

Chaji80: Basi tuzungumzie joto. Zipo mashine zinazovuta hewa kupitia kibodi. Ukizifunika umeziziba pua. Na betri ya lithiamu ikishikiliwa kwenye 100% huku ina joto huchakaa haraka, hata kuvimba. Ukiona padi ya kugusia inainuka au kifuniko hakikai sawa, zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa. Laptopu nyingi za ThinkPad zenye Linux zinakubali kikomo cha chaji: echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold.

Kivuli: Kuna na hili la usalama. Ukiweka ignore, kufunika hakufungi skrini kwa nenosiri. Atakayefunua anakuta kila kitu wazi. Kwenye Windows bonyeza Win+L kwanza, kwenye Linux loginctl lock-session.

Fundi Waya: Nakubali, hilo halina ubishi. Waifai ikisuasua, zima uokoaji umeme wake kwa kuweka wifi.powersave = 2 kwenye NetworkManager (programu ya Linux inayosimamia mtandao), au bora zaidi vuta waya wa Ethernet. Umeme ukikatika laptopu ina betri yake.

Chaji80: Ruta haina. Ukinunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta, soma lebo kwanza: zipo za 9V na za 12V, na ruta ya 9V ukiipa 12V unaweza kuiunguza.